Ukitaka Kuisaidia Familia ya Wakimbizi, Anzia Ofisi ya Chifu

Familia ya wakimbizi ikihamia mtaani, jirani mwema huanza na kilicho karibu: nguo zilizotumika, paketi za unga, godoro, mchango wa kanisa au msikiti. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini unga huisha wiki hiyo hiyo, na familia hubaki pale pale. Mtoto hana shule, mama mjamzito hajui aende zahanati ipi, na baba hujifungia ndani kila gari la polisi linapopita. Makala haya yana hoja moja. Familia ya wakimbizi hutulia pale inapoingia katika huduma za kawaida zinazowahudumia wenyeji: shule, kliniki, soko na daftari la chifu. Kazi ya mtu anayejitolea ni kuifikisha huko, wala si kujigeuza yeye mwenyewe kuwa huduma. Kazi ya serikali ya kaunti ni kuhakikisha kwamba familia hiyo ikifika, inakuta nafasi. Ushauri wote unaofuata umesimama juu ya hoja hiyo.

Ushahidi wa kwanza uko kwetu Kenya. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Tangu hapo nchi imewahifadhi wakimbizi kwa mpango wa pembeni: shule zao, hospitali zao, maji yao, chakula chao, vyote vikilipiwa na wafadhili wa nje na kuendeshwa na mashirika. Mpango huo uliokoa maisha, na hilo halina mjadala. Kasoro yake ni kwamba unategemea fedha zinazoamuliwa Washington, Berlin na Geneva. Mwaka 2025 wafadhili walipobana mikoba, mgao wa chakula Kakuma na Dadaab ulipunguzwa vibaya, na watu waliokuwa wamekaa kambini zaidi ya miaka 30 wakajikuta hawana pa kushika. Ndiyo maana dira ya serikali imebadilika. Makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa katika ardhi iliyotolewa na wenyeji wa Turkana, yalipangwa tangu mwanzo yawe ya mkimbizi na mwenyeji kutumia shule na zahanati zile zile, na mpango wake wa maendeleo uliozinduliwa Desemba 2018 ukaunganishwa na mpango wa kaunti. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ikazungumzia matumizi ya pamoja ya huduma za umma. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja chini ya usimamizi wa mamlaka za Kenya. Karatasi zipo. Kinachopungua ni watu wa kuzitia uhai kule mashinani.

Ushahidi wa pili uko kwa jirani zetu wa Tanzania, nao una pande mbili. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walilima, wakauza, wakalipa kodi, na kufikia mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulikuwa umekabidhi makazi hayo kwa serikali kwa sababu yalikuwa yanajitegemea. Huo ndio upande wa kujifunza la kufanya. Upande wa pili ulikuja baadaye, serikali ilipokubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa kijasiri, lakini ulifungwa na sharti kwamba wahame kutoka makazi hayo wakasambazwe katika mikoa mingine, na mikoa hiyo haikuwa imeandaliwa ipasavyo kuwapokea. Matokeo yake ni kwamba watu walikaa miaka kadhaa wakiwa si wakimbizi tena, wala hawana vyeti vya uraia mkononi, hadi mwaka 2014 walipoanza kupewa vyeti na kuruhusiwa kubaki walipokuwa. Huruma ya taifa ilikuwapo, sheria ilikuwapo, fedha nazo zilitafutwa. Kilichokosekana ni halmashauri zinazopokea kushirikishwa mapema, na pengo hilo lilitosha kuusimamisha mpango mzima.

Basi anayetaka kusaidia leo aanze kwa kujua mlango upi ni wa nani. Katiba yetu ya mwaka 2010 iligawa kazi. Masuala ya wakimbizi, vibali vya kazi, shule za msingi na za sekondari na usalama ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati na vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, leseni za biashara na maji ni ya kaunti. Chifu na naibu wake, ingawa wanakaa mtaani, ni watumishi wa serikali ya kitaifa, ilhali mwakilishi wadi na msimamizi wa wadi ni watu wa kaunti. Mwananchi wa kawaida huyachanganya haya, na mgeni huyachanganya zaidi. Mtu akitumwa kwa mwakilishi wadi kutafuta kitambulisho cha mkimbizi atapoteza nauli na siku nzima. Akienda kwa chifu kulalamikia ushuru wa soko, naye atarudishwa. Ukiwa na daftari lenye jina la ofisi, mahali ilipo, siku anazopatikana mhusika na karatasi anazotaka kuona, tayari umetoa msaada ambao shirika kubwa lenye makao Nairobi haliwezi kuutoa, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kwamba naibu wa chifu wa kwenu hapatikani siku ya soko.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Hakikisha familia imesajiliwa na Idara ya Huduma za Wakimbizi na kwamba kila mtu mzima anajua tarehe ambayo hati yake itakwisha. Sheria inataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa isipokuwa wawe na ruhusa, kwa hiyo aliye Eastleigh au Kayole bila ruhusa yuko hatarini kila siku, na jirani mwema hamfichi bali humsindikiza kwenye ofisi ili suala lake lishughulikiwe, ikiwezekana akiwa na wakili wa msaada wa kisheria. Kisha angalia watoto waliozaliwa hapa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo inataka kila mtoto anayezaliwa Kenya aandikishwe, awe wa Mkenya au wa mgeni, na cheti hicho hakimpi uraia. Mtoto akizaliwa hospitalini, mama hupewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayejaza taarifa hiyo. Hapo ndipo mambo huharibika: mama aliyejifungua usiku kwa msaada wa mkunga wa mtaa haendi kwa naibu wa chifu, kwa kuogopa kuulizwa kitambulisho. Miezi sita ikipita, jambo dogo hugeuka kuwa uandikishaji wa kuchelewa wenye ushahidi na fomu zaidi. Miaka sita ikipita, mwalimu mkuu anauliza cheti. Mwanamke wa mtaani aliyeandamana na mama huyo wiki ya pili amemsaidia mtoto kuliko aliyemletea nguo mwaka mzima. Tahadhari moja tu: usikae na hati asili za mtu yeyote, hata akikuomba umtunzie. Piga nakala, mrudishie zake.

Hatua ya pili ni shule, na hapa haraka ina madhara yake. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haisemi kila mtoto wa Kenya. Kwa hiyo nafasi ni haki yake. Ugumu huanza anapowekwa darasani. Kijana wa miaka 14 aliyesoma Sudan Kusini kwa Kiarabu, au msichana wa Kivu aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, hupelekwa kukaa na watoto wa miaka minane kwa sababu hajui Kiingereza. Magoti hayaingii chini ya dawati, wadogo wanamcheka, na muhula haujaisha ameacha shule. Yeye hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa lugha, na dawa yake ni lugha. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza, ukiwa na karatasi zozote za shule alizobeba mtoto. Omba apimwe kwa hesabu kwanza, kwa sababu hesabu hazimdhulumu sana asiyejua lugha, kisha mkubaliane darasa lililo karibu na umri wake. Halafu wewe na wenzako mchukue kazi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi: saa moja ya Kiingereza na Kiswahili kila jioni. Usiwafungie wageni peke yao. Waalike watoto wa wenyeji wanaosuasua, maana wapo, na mzazi mwenyeji akiona mwanawe ananufaika hatauliza kwa nini wageni wanapendelewa.

Hatua ya tatu ni afya. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akitarajiwa kutembelea takriban kaya 100, na posho yao hugawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Uliza swali moja tu: je, familia hii imo katika orodha ya mhamasishaji wa mtaa wetu? Ikiwa haimo, mtambulishe kwao. Hapo chanjo, kliniki ya wajawazito na ufuatiliaji wa shinikizo la damu vitafuata bila wewe kuwapo. Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni ukalimani. Wengi humtumia mtoto wa darasa la tano kumtafsiria mama yake kwa daktari, kwa kuwa mtoto ndiye aliyeshika lugha upesi. Msifanye hivyo. Mama hatasema kwamba alibakwa njiani mbele ya mwanawe, wala hatataja damu inayomtoka. Tafuteni mtu mzima, wa jinsia moja na mgonjwa, anayejua kufunga mdomo. Na kwa familia zilizotoka kwenye vita vya ndani, ulizeni kwanza kama zinamkubali mkalimani huyo. Mdinka na Mnueri wanaweza kuwa majirani wema Kakuma, lakini ni mgonjwa mwenyewe anayejua anayemwamini.

Hatua ya nne ni riziki. Wenyeji husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kisha huuliza mbona hawa wana miaka 30 na bado wanapewa. Jibu ni kwamba jembe lenyewe limefungiwa. Kuajiriwa kunahitaji kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho huchukua muda mrefu kupatikana, na kusafiri kutoka kambini kunahitaji ruhusa. Hata hivyo kuna njia iliyo wazi zaidi, nayo ni biashara ndogo, na mlango wake ni wa kaunti. Msaidie mshonaji au muuza mboga apate kibali cha biashara cha kaunti, ajue ushuru halali wa kila siku ni kiasi gani na stakabadhi yake inafananaje, ili askari wa kaunti asimkamue. Mwingize katika chama cha wanawake wenyeji, si chama cha wakimbizi pekee, kwa maana mtaji na habari za bei huzunguka ndani ya chama. Wanaotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana njia nyingine waliyowekewa na sheria ya mwaka 2021: wanaweza kuchagua kuacha hadhi ya ukimbizi ili wanufaike kama raia wa Jumuiya. Ni uamuzi mzito, kwa sababu anayeuchukua anaachia ulinzi. Usimshauri mtu juu yake kwa uvumi. Mpeleke kwa mwanasheria.

Sasa tuje kwa anayejitolea mwenyewe, maana nia njema isiyo na mipaka huishia kwenye uchovu au kwenye utawala. Wekeni muda. Nchini Kanada, ambako tangu mwaka 1979 vikundi vya raia vimepokea wakimbizi zaidi ya 300,000, kikundi hujifunga kuihudumia familia kwa kawaida mwaka mmoja, na tafiti za huko zimeonyesha kwamba wakimbizi hao huwahi kupata ajira kuliko wanaopokewa na serikali peke yake. Uwezo wao unatofautiana sana na wetu, lakini siri yake inafaa popote: majirani wanaojua kazi ziko wapi, na muda unaojulikana na pande zote. Kwetu miezi sita inaweza kutosha. Mwezi wa kwanza unakwenda naye ofisini na kusema kwa niaba yake. Wa tatu unakwenda naye na kunyamaza. Wa sita anakwenda peke yake. Pia usikopeshe fedha, usipokee fedha, na kamwe usiahidi kumpeleka mtu Marekani au Ulaya. Kusajiliwa ukimbizi na kuchaguliwa kuhamishiwa nchi ya tatu ni huduma zisizolipiwa, na anayedai malipo ni tapeli, hata akivaa koti la shirika.

Zaidi ya nusu ya kazi, hata hivyo, ni ya kaunti, na hapa wanaojitolea wamezoea kunyamaza. Kaunti hupanga kwa kuhesabu watu. Kama mtaa una wageni 5,000 wasiohesabiwa, dawa za zahanati zitaisha tarehe 15, wenyeji watawalaumu wageni, na lawama hiyo itakuwa na mantiki yake. Dawa ya chuki hiyo haipatikani katika mahubiri ya upendo peke yake. Inapatikana katika mpango wa miaka mitano wa kaunti na katika bajeti ya kila mwaka, vitu ambavyo sheria inataka wananchi watoe maoni juu yake. Kaunti ya Turkana ilionyesha kwamba inawezekana kuwaingiza wakimbizi katika mpango wake. Uganda nayo ina mambo mawili ya kuazima: mabaraza ya wakimbizi yaliyojengwa kwa kufuata ngazi za serikali za mitaa, ili kiongozi wa wakimbizi ajue mwenzake upande wa wenyeji ni nani, na kanuni kwamba takriban asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Kaunti zetu zinaweza kuanza na madogo: mtumishi mmoja wa wadi anayejua taratibu za wakimbizi, viti vya wazazi wakimbizi katika kamati za shule na za maji, na mabango ya ushuru kwa lugha zinazosomeka.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili heshima: wenyeji wenyewe ni maskini. Turkana ni miongoni mwa kaunti maskini kabisa nchini, na mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni apewe kwanza. Lakini takwimu hazisemi kwamba mgeni anamnyang'anya. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kuwapo kwa wakimbizi kumeongeza pato la Turkana kwa asilimia 3.4 na ajira kwa asilimia 2.9. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, katika soko lenye thamani ya dola milioni 56 hivi kwa mwaka. Hata hivyo faida hiyo haimfikii kila mtu sawa. Mwenye duka na mwenye mbuzi wa kuuza ananufaika. Anayetegemea kuni na malisho ya jirani anaumia. Kwa sababu hiyo msaada wa pamoja ndio wa haki zaidi, na pia ndio wa busara: darasa jipya likijengwa, liwe la wote wawili.

Pingamizi la pili ni usalama. Baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, hofu ya Wakenya ilikuwa na sababu. Swali ni kipi kinacholeta usalama. Katika operesheni ya Aprili 2014 maelfu walikamatwa Eastleigh na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Kilichobaki baadaye ni jamii inayomkimbia polisi, na mtu anayemkimbia polisi hampi habari. Familia inayojulikana kwa mzee wa mtaa, yenye mtoto shuleni na kibanda sokoni, ina cha kupoteza na ina wa kumwambia inapoona jambo la kutilia shaka. Kuwaandikisha watu na kuwafahamu ni kazi ya usalama kwa maana kamili.

Pingamizi la tatu ni kwamba tukiwazoesha hawataondoka. Warundi wa mwaka 1972 wanaweza kulijibu. Walipopewa nafasi ya kuchagua, takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, baada ya miaka 35 ya kulima Tanzania. Aliyerudi alirudi na ujuzi, na aliyebaki alikuwa ameshajenga uchumi wa mahali pale. Kinachomrudisha mtu kwao ni amani ya kwao. Kumnyima shule hapa hakuleti amani Juba wala Goma. Kunatuletea tu kijana asiyesoma.

Mkimbizi hana kura. Mwakilishi wadi anajua hilo, na bajeti hufuata kura. Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote anachoweza kutoa mwananchi anayejitolea ni sauti yake ya mpiga kura. Tangazo la kikao cha maoni ya bajeti likibandikwa katika ofisi ya wadi yenu, nenda na majirani zako, wenyeji na wageni. Ulizeni zahanati yetu imepangiwa dawa za watu wangapi, chekechea yetu ina nafasi ngapi, na je, hesabu hiyo ina wote wanaoishi hapa? Dai majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mwakani urudi nayo.